Skima ya Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Machi

Maji ya tangi yamebadilika rangi. Yanafanana na mafuta yaliyokaangiwa samaki, jambo ambalo sidhani linawafurahisha samaki. Tangi lenyewe ni la maji ya chumvi, kubwa kama kabati lililolazwa. Nililiokoa kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Leo samaki wote wako juujuu wanatafuta hewa. Hata Mwenyekiti!

Mwenyekiti ni samaki wa bluu, mnene, anayewafukuza wenzake kila kona. Jina kapewa na mama mkwe wangu. Tangu baba mkwe afariki, mama anaishi nasi na haongei sana na watu. Ila na Mwenyekiti huwa anaongea. Asubuhi anavuta kiti, wanaanza. Leo mama hakugusa chakula cha mchana.

Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita. Kainama, kanusa, katangaza kwamba tunahitaji skima. Kana kwamba sijui! Skima inapuliza vipovu vya hewa ndani ya maji, uchafu unang'ang'ania vipovu, povu linapanda mpaka kwenye kikombe, unamwaga. Basi. Hata sufuria ya maziwa inaweza. Yeye kanunua mpya, inawaka taa, na ile ya zamani yuko tayari kutuazima. Nikamshukuru. Nikamwambia mtu mwenye bomba na akili haazimi povu.

Mke wangu akaangalia dari.

Jumanne, 5 Machi

Vifaa vyote vimepatikana humu humu nyumbani! Bomba: lile lililokuwa linasubiri kufungwa bafuni. Bafu litaendelea kusubiri. Kikombe: chupa ya biskuti ya mama mkwe. Pampu ya hewa: ile ya hotelini, inakohoa lakini haijafa.

Bomba nimelikatia kazini, nyuma ya kaunta ninapouzia miwani. Mteja mmoja kavaa miwani ya mtu mwingine na kuondoka nayo, ameridhika kabisa. Mkato umekwenda upande kidogo. Kwa hiyo mnara wangu umesimama umeinama, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu. Mke wangu kauliza mbona umeinama. Nikamjibu ndivyo ulivyochorwa.

Gundi imeshika vizuri, hasa vidole vyangu. Mwisho nikaosha kila kitu kwa sabuni ya vyombo. Fundi wa kweli hujulikana kwa usafi wake.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu kashikilia nijaribu kwenye ndoo kwanza, si kwenye tangi. Nimekubali kwa ajili ya amani ya nyumba.

Nikawasha. Povu! Povu jeupe, zito! Likajaa chupa, likasukuma mfuniko, likashuka mezani, likavuka zulia, likaingia kwenye ndara za mama mkwe, na mwenyewe kazivaa. Nilikuwa napiga makofi. Nilimwita mke wangu aje haraka ashuhudie. Hapo ndipo nikasikia harufu ya ndimu.

Sabuni.

Mke wangu kanyoosha kidole kwenye ndoo, kisha kwenye tangi, kisha kwangu. Nikaelewa. Ningeanzia kule, saa hii tungekuwa tunafukia samaki. Namshukuru Mungu kwa kunipa mke huyu, ingawa si kwa sauti. Lakini kulikuwa na haja gani ya kumpigia simu kaka yake? Kicheko cha shemeji nimekisikia nikiwa jikoni, na simu haikuwa kwenye spika.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeisuuza mpaka vidole vimekunjamana. Leo imeingia kwenye tangi lenyewe.

Hakuna povu. Hata la dawa! Vipovu vinatoka vikubwa kama gololi, vinapanda, vinapasuka, havijabeba kitu. Vingine vinakimbilia kwenye tangi, ambalo sasa ni kama soda iliyotikiswa. Mwenyekiti kajificha nyuma ya jiwe. Mama mkwe kaniuliza, kwa upole sana, kama nimeamua kuwachemsha. Nikamweleza kwamba mashine mpya huhitaji kuzoea mazingira.

Baadaye nilikuwa nyuma ya tangi nafuata waya. Mama hakuniona. Nikamsikia anamwambia Mwenyekiti:

"Vumilia, baba. Huyu mkwe wangu ana moyo mzuri sana. Hiyo mikono ndiyo sijui kaazima wapi."

Nimeumia. Lakini moyo ndio aliotaja kwanza.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kaleta skima yake ya zamani. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Kasema niiweke tu karibu, huenda ikahitajika. Hakucheka. Angecheka ningeipokea vizuri zaidi.

Alipoondoka nikaisukuma chini ya kitanda na kuifunika blanketi. Kisha nikaiongezea yangu pampu ya pili. Vikombe kabatini vinagongana. Povu bado.

Jumapili, 10 Machi

Mwenyekiti kalala ubavu kwenye mchanga. Mashavu yanafunguka polepole, kama anayewaza kama kuna haja ya kuendelea.

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nilikuwa na wazo jipya. Mama mkwe alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kioo. Akasema, wala si kwangu:

"Na wewe usiniache."

Nikaweka bisibisi chini.

Chini ya kitanda chetu kuna vumbi jingi mno. Nikaitoa ile skima, nikaing'oa yangu, nikaifunga ya shemeji. Mke wangu akachanganya maji mapya ya chumvi, tukawa tunapokezana ndoo. Hakuniuliza skima imetoka wapi. Alinipangusa utando wa buibui begani tu.

Alasiri povu likapanda. La kahawia, zito, linanuka kama soksi za timu nzima. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kabla ya magharibi Mwenyekiti kainuka, kayumba, kisha kamfukuza mwenzake mpaka pembeni. Mama mkwe akacheka! Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti ya kucheka. Akaomba sahani yake, akala, akaongeza.

Mimi nilikwenda jikoni kunawa uso. Maji ya chumvi yale, yanaruka mpaka machoni.

Jumanne, 12 Machi

Shemeji kaja kutazama wagonjwa. Nilikuwa nimejiandaa: mnara wangu nimeusimamisha mbele ya skima yake, mpira wake wa hewa nimeuchovya majini, haujaungwa popote. Kautazama muda mrefu. Kasema kumbe hizi za kutengeneza nyumbani ni kiboko. Nikamwambia ni suala la hesabu tu.

Mama mkwe akapaliwa na chai. Mke wangu akakimbilia jikoni, mabega yanamtetemeka. Shemeji akanipa mkono, akasema anajivunia kuwa na shemeji kama mimi.

Nadhani ameamini.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejifunza mengi. Kubwa ni hili: mnara haukuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la pampu.

Kumeingia joto kali, na maji ya tangi yamepata uvuguvugu. Shemeji kapiga simu kusema kuna mashine za kupoza maji, zinauzwa madukani. Madukani! Nimekaa nikaitazama friji yetu kwa jicho la kitaalamu. Mgongoni ina bomba jembamba refu, limekunjwakunjwa kwa ustadi, linatazama ukuta tu mwaka mzima.

Mke wangu na mama wametoka kwenda sokoni. Maziwa nimeshayahamisha.