Tumbo la Kuazima

Sifaeli wa Kaloleni alikuwa ameshauza vitu vingi ambavyo hakuwa navyo: viwanja vya watu, tiketi za mechi iliyochezwa jana, hata mbwa wa jirani, tena mara mbili. Ugonjwa tu ndio aliokuwa hajawahi kuuiba. Nafasi hiyo aliipata Usa River siku ya soko, amechutama kivulini anakula ndizi za kuchoma.

Mwanamke alipita na kapu la parachichi. Mikono yake ilikuwa myembamba kama mwiko, mashavu yameingia ndani, lakini tumbo limetangulia mbele, limekaza chini ya kitenge. Kila hatua kumi alisimama kuvuta pumzi.

"Vaileth huyo," muuza ndizi akanong'ona. "Mjane. Mume ana miaka mitatu kaburini, tumbo lina miezi mitano. Hesabu mwenyewe."

"Mimba?"

"Yeye anasema maji. Homa kila jioni, jasho mpaka shuka linaloa. Zahanati nao wamesema ni maji, ila hawajui yanatoka wapi; aende hospitali kubwa akapimwe. Aende na nini? Akiomba mchango, watu wanamuuliza baba ni nani. Yuko Bibi Tabea wa kanisani kwake tu anayemwamini. Mwaka hatamaliza yule."

Sifaeli akaacha kutafuna. Mtu mwenye moyo angemhurumia Vaileth. Sifaeli naye alimhurumia, tena sana, lakini huruma yake haikuwa na haraka. Ilisogea pembeni ikaipisha akili. Tumbo lile, aliwaza, kwa mwanamke ni aibu. Kwa mwanamume litakuwa maji matupu, na nani atauliza baba?

Jumapili alipanda hadi usharika mmoja mdogo juu ya Makumira. Tumboni alikuwa amefunga tyubu ya toroli yenye maji nusu, kwa kanga mbili, juu yake shati pana. Hakuwa amenyoa siku nne, na chini ya macho alijipaka majivu kidogo. Akitembea, tumbo lilisema chubwi, chubwi, hata mwenyewe akaanza kujionea huruma.

Ibada ilipokwisha akasimama mbele.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, maji yamejaa tumboni. Madaktari wamenipima mpaka wamechoka." Akajitikisa kidogo. Chubwi. Akina mama wakashika vichwa. Vaileth, kwenye benchi la nyuma kabisa, alivuta kitenge akainama.

Bibi Tabea, kiongozi wa umoja wa wanawake, alikuja kumwekea mkono wa maombi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pole, mwanangu."

Mkono wa bibi ulizunguka lile tumbo taratibu, kama wa mtu anayechagua papai, ukasimama ubavuni. Hapo ndipo palipokuwa na mdomo wa tyubu, ule wa kujazia upepo.

"Kitovu chako kimehamia huku?"

"Ugonjwa, bibi. Umekisukuma."

"Na kimevaa kofia."

"Unasemaje, bibi?"

"Nasema tuombe."

Wakaomba. Kisha bibi akawageukia watu. "Leo mnada wote wa sadaka ya mazao uende kwa mgonjwa wa maji tumboni. Mnakubali?"

Wakakubali. Nje, Mzee Gadiel akaanza kunadi mikungu ya ndizi mshare, mayai, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Bei zilitambaa kama konokono. Alipofika kwa jogoo mwekundu zikagoma kabisa. Sifaeli hakuvumilia. Alijua kwamba pesa huita pesa. Akatoa noti zake za mwisho, akataja bei ambayo jogoo hajawahi kuisikia tangu dunia iumbwe.

"Mgonjwa mwenyewe!" watu wakapiga yowe, aibu ikawaingia. Kuanzia hapo yai moja liliuzwa kama mbuzi.

Mnada ulipoisha, Sifaeli akanyoosha mkono kwa unyenyekevu. Bibi Tabea akafunga fedha kwenye pindo la kanga.

"Kwetu mgonjwa hapewi fedha mkononi, mwanangu. Tunamsindikiza hadi kitandani, tunalipa wenyewe dirishani. Gari limeshawashwa."

"Bibi, msijisumbue..."

"Tumeshasumbuka. Vaileth! Njoo unibebee mkoba."

Akina mama wanne walimshika Sifaeli kama trei ya mayai. Njia nzima hakupata hata upenyo wa kuruka.

Hospitalini, Daktari Anna wa zamu alimlaza. "Nitagonga tumbo, kisha utalalia ubavu nigonge tena. Maji yakihama, na mlio unahama. Halafu nitavuta kidogo kwa sindano, maabara watuambie yanasababishwa na nini."

Sifaeli akaiona sindano kwenye sinia. Ilikuwa ndefu.

"Nimepona!" akaruka. Kanga zikalegea, tyubu ikateleza ikaanguka sakafuni, pwaa!

Daktari akaisogeza kwa ncha ya kiatu. "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Huyu alikuwa mfano," alisema Bibi Tabea. "Mgonjwa ni huyo mwenye mkoba. Panda, Vaileth."

"Lakini bibi, watu wamemchangia yeye."

"Wamemchangia mgonjwa wa maji tumboni. Nilitangaza mwenyewe, jina sikutaja. Ningetaja lako wangeanza kuhesabu miezi. Panda, mwanangu."

Vaileth akapanda, analia na kucheka. Maji yaliyovutwa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa.

Mlangoni Sifaeli alinong'ona, "Bibi, pesa ya jogoo ilikuwa yangu ya halali."

"Ilikuwa. Mungu akubariki. Jogoo wako yuko garini. Na hiyo tyubu ni ya nani?"

"Ya jirani."

"Mrudishie."

Vipimo vilionyesha ni kifua kikuu, kilichoacha kifua kikaenda kukaa tumboni. Vaileth akapewa dawa za miezi sita, kila siku bila kuruka, na Bibi Tabea alisimama mbele yake mpaka kila kidonge kikamezwa. Tumbo likashuka. Mahindi yalipokomaa, Vaileth alikuwa anakaa benchi la mbele, kitenge kinamzunguka mara mbili.

Sifaeli alikuwa akipita mbali na njia ya Makumira, lakini siku moja Mzee Gadiel alimdaka sokoni.

"Kijana! Maji yameisha?"

Sifaeli akatazama kushoto na kulia. "Yameisha, mzee. Bwana asifiwe."

"Amina! Basi Jumapili ulete sadaka ya shukrani. Tunakungoja."

Ndiyo maana jogoo mwekundu alirudi mnadani. Vaileth ndiye aliyemnunua, kwa bei ya kawaida ya jogoo.