Isale Si Silaha

Machame,
Oktoba 2003

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Risasi za Rangi,
Moshi.

Mheshimiwa Mzee Hosea,

YAH: KUPIGWA MARUFUKU KWA ISALE

Shikamoo. Ni mimi Ebenezeri, nahodha wa timu ya wakulima wa kahawa. Natumaini yale mafua yamekuacha, maana Jumamosi ulipiga chafya kwenye kipaza sauti hata mtamba wa zawadi akakata kamba. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila moyoni tumeumia.

Hoteli ya watalii imetuletea bunduki zinazotema rangi: ukipakwa umetoka, na timu inayobaki inaondoka na mtamba wa maziwa. Mchezo tumeupenda. Tatizo ni tangazo lako pale ubaoni, linalokataza fataki, manati, mbwa na majani ya isale, na kuamuru mechi tuliyowafunga wapagazi wa mlimani irudiwe. Nalalamika hivi:

1. Isale si kifaa. Halina risasi wala betri. Ni jani ambalo babu zetu waliombea msamaha, na anayepelekewa isale hakatai, hata kama amechomewa nyumba. Kulipanga pamoja na mbwa ni kuwatukana wazee, na wewe ukiwemo.

2. Timu ya meneja wa hoteli ina bunduki zinazomwaga risasi kama mvua ya masika. Yangu naipampu kama baiskeli. Hilo kamati haikuliona. Tunaambiwa hizi ni zama za soko huria, kila mtu aje na mtaji wake. Basi mtaji wangu umeota mpakani mwa shamba langu.

3. Mwamuzi Melkior ameandika kwamba Sifael wa timu ya wapagazi alilaghaiwa. Sifael ni mdogo wangu, tumbo moja. Hatusalimiani tangu bei ya kahawa ilipoanguka, kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, alichotugawia marehemu baba. Siku ile alinikuta nyuma ya migomba nikiwa nimeishiwa risasi, akanielekezea bunduki kifuani. Nikainua isale. Bunduki akaishusha, akaniuliza kama nimekusudia kweli. Kabla sijajibu, Primus wa timu yangu akampaka bluu mgongo mzima. Ulaghai uko wapi hapo? Yeye ndiye aliyeuliza maswali katikati ya mechi.

4. Kijana wa Kiboriloni alimwamkia mzee wa timu ya Mabogini, na mzee alipofungua mdomo aitikie marahaba, akapigwa ya tumbo. Mbona shikamoo haikukatazwa? Mkianza na isale, kesho mtafuata salamu, keshokutwa hodi, na watoto wetu watabaki wakipigana bila adabu yoyote.

Kwa hiyo sitosheki na kuondolewa kwa katazo. Naomba isale liwe lazima kwa kila mchezaji, na atakayepelekewa akalikataa afukuzwe, si uwanjani tu, bali hata kijijini. Mtu wa namna hiyo ataishije na wenzake? Mtamba wetu naye tunamsubiri. Mke wangu Grace ameshamkatia majani.

Nisalimie Mama Stella, wanakamati wote, na Melkior pia, ingawa hastahili.

Ni mimi mwanamichezo wako, mtiifu kwa shingo upande,
Ebenezeri

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Sifael ameingia uani. Amevaa shati la kanisani na ameshika isale. Anasema rangi ilitoka kwa sabuni, lakini lile isale langu halijamtoka moyoni. Amelipokea, na ameleta la kwake, kuomba radhi kwa kuniita mwizi mbele ya wazee wa usharika. Anataka tukishapatana twende pamoja tukautazame mpaka. Mzee wangu, yale masale aliyopanda baba kuwa alama ya mpaka, nami nikayang'oa, yamechipua tena, katikati ya kahawa yangu, na kila mwenye macho atayaona. Nimemwambia Grace ampe chai kwanza. Kwa hiyo naomba katazo libaki kama lilivyo, na kamati iongeze mstari mmoja tu, kwamba linahusu pia nyumba za wachezaji. Primus anayekuletea barua hii atasubiri jibu hapo hapo. Tafadhali lisichelewe, Sifael ameshafika kikombe cha pili.