Kihisi cha Sita Kinachokataa Kukubaliana na Wenzake

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Natumaini barua hii itakukuta katika joto linalokubalika na wengi.

Mimi ni yule mzee wa maktaba ya ghorofa ya chini, niliyekuja huku mkimbizi, nikapewa kiti, nikakikalia mpaka mvi zikanikuta. Nakilalamikia kihisi cha sita cha kabati la joto, lile ambamo sampuli za wagonjwa, ya mke wangu ikiwamo, hulelewa zikisubiri majibu. Joto likienda kombo majibu nayo huenda kombo, na mtu akatibiwa ugonjwa wa jirani yake. Ndiyo maana nadai nidhamu.

1. Juzi mafundi walivitumbukiza vihisi vyote sita, vile vijiti vya chuma vinavyokiambia kidhibiti cha joto kama kabati lina joto au baridi, katika chupa ya maji na barafu iliyopondwa. Vitano vya zamani vikasema nyuzi tatu, kwa sauti moja, kama watoto waliolelewa vizuri. Cha sita, kilicholetwa karibuni kutoka nje, kikasema sifuri. Hakikuuliza hata wenyeji husema ngapi.

2. Fundi mkuu akaitisha kura, kama desturi yenu ya kulinganisha vipimo inavyotaka: vitano kwa kimoja. Dada wa zamu akathubutu kunong'ona kwamba barafu inayoyeyuka ni sifuri dunia nzima. Akajibiwa, kwa haki kabisa: dada yangu, barafu haijaajiriwa hapa. Nami naongeza kwamba barafu yenyewe ilitoka kwenye friji ya chumba cha chai, kwa hiyo ushahidi wake una walakini.

3. Mimi ni mgeni wa miaka mingi. Najua wajibu wa mgeni. Nilipofika niliambiwa chumba changu hakivuji. Nikaweka ndoo kitandani, nikalala sakafuni, nikakubali kwamba hakivuji. Leo naheshimika. Kihisi hiki kinashindwa nini?

4. Naomba kikazwe skrubu mpaka nacho kiseme tatu. Kikigoma, king'olewe. Kisha utaratibu huu uvuke barabara hadi hospitali: vipimajoto vya wodini navyo vipige kura, na homa ikishindwa, mgonjwa arudi kwake. Vitanda vitapatikana. Atakayeendelea kutetemeka nyumbani atakuwa anatetemeka kinyume cha utaratibu.

5. Dada wa zamu ahamishiwe stoo. Ameonekana akikifuta kihisi hicho kwa kitambaa safi.

Nisalimie fundi mkuu, karani wako, walinzi wa lango, na vile vihisi vitano, ambavyo salamu moja itavitosha vyote.

Wako katika wingi wa kura,
Mzee wa Maktaba

N.B. Kabla hujatia saini, nina ombi dogo la kifamilia. Nasikia kihisi cha sita kimefungwa kwa muda kwenye kabati dogo la joto la pembeni, kilipimie. Nimemwomba dada wa zamu amchukue mke wangu sampuli nyingine aiweke humo, naye amekubali. Tafadhali msikiguse, wala yeye msimhamishe, mpaka majibu yatoke. Huku ugenini tulikuja wawili, na sijawahi kujifunza kuishi nikiwa mmoja.