Njegere za Alhamisi

Jumatatu, 11 Agosti
Siku ya kwanza kama naibu mwalimu mkuu. Tai mpya. Shati nimelipiga pasi hadi kola inakata shingo. Wanafunzi wamenipita langoni wakisema, "Mambo, Torsti." Torsti tu! Najua hapa Finland kila mtu huitwa jina lake, hata mwalimu mkuu, lakini nilidhani tai ingesaidia kidogo.

Habari kubwa. Kyllikki, mkuu wetu, anastaafu Krismasi. Ametuambia wakati wa kahawa kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atapeleka halmashauri jina la mtu wa kurithi kiti chake. Tuko wawili tu: mimi, na Ensio wa hisabati, mzee anayesema maneno matatu kwa wiki. Nakitaka kile kiti. Ensio nitamzidi kwa mageuzi. Mageuzi gani, bado sijui.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimejua! Leo ilikuwa supu ya njegere na chapati za maji za oveni, kama Alhamisi zote nchi nzima. Bwalo limefurika. Hata wale ambao siku nyingine hula chipsi kule kituo cha mafuta wamekuja. Foleni imefika kwenye baiskeli. Nimeipima kwa saa: dakika ishirini na tatu! Na Jumanne bwalo hilohilo lilikuwa nusu tupu.

Kumbe miaka yote hii hakuna aliyefikiri. Supu ihamie Jumanne. Alhamisi iwe saladi ya makaroni na jodari. Watu watajigawa, foleni itakwisha, kiti ni changu. Nimemweleza Ensio. Amesema, "Hm." Wivu huo.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimeshuka jikoni kwa Aune, mpishi mkuu. Miaka thelathini na moja kwenye masufuria yale. Ameniambia supu huliwa Alhamisi tangu enzi za bibi yake, na jeshini pia ni Alhamisi. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, kama na Krismasi nina mpango wa kuihamisha. Nimefurahi kuona yuko tayari kwa mazungumzo.

Nimewaandikia wazazi wote, walimu wote, wanafunzi wote. Hadi jioni hakuna hata mmoja aliyejibu. Wameafiki wote!

Jumanne, 19 Agosti
Supu ya njegere, lita mia moja na ishirini. Walaji saba, nami nikiwemo. Wengine wote wamepitiliza kwenye mkate na maziwa, kimya, wakitazama viatu vyao. Hakuna aliyelalamika, nimeandika hilo kwenye ripoti. Aune amenijazia bakuli mara nne huku akinitazama usoni. Niliogopa kukataa.

Alasiri sikuweza kuinama. Mageuzi yana uchungu wake.

Alhamisi, 21 Agosti
Ushindi! Saa tano kamili nimesimama mlangoni mwa bwalo, saa mkononi. Foleni: sifuri! Dakika sifuri! Nimeandika kwa wino mwekundu.

Saa tano na robo nikaanza kujiuliza watu wako wapi. Saladi imelala mezani haijaguswa. Msaidizi wa jikoni akasema Aune amechukua siku ya likizo. Nikatoka nje. Harufu ikanipiga kabla sijavuka barabara.

Uwanja wa kanisa. Jiko la jeshi, lile la magurudumu, ambalo Aune kaliazima kwa shemeji yake wa kikosi cha akiba. Shule nzima imepanga mstari mpaka makaburini, haisukumani, haipigi kelele. Ensio amevaa aproni anakata vitunguu. Kyllikki! Kyllikki mwenyewe yuko kwenye foleni, bakuli mkononi.

Nimemkabili Saimi, mwenyekiti wa baraza la wanafunzi. Nikamuuliza mbona hakuna aliyeniambia kama hawataki. Amenitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Tulikuambia, Torsti," akasema. "Wiki nzima tumekunyamazia."

Aune akanyoosha upawa akanionyesha mwisho wa foleni. Akasema haradali ya kutia kwenye supu iko meza ya kushoto, na wenye tai hawapewi kipaumbele. Nimesimama dakika thelathini na tano. Supu ilikuwa tamu. Sitaliandika hilo kwenye ripoti.

Ijumaa, 22 Agosti
Kyllikki ameniita. Kwanza: supu imerudi Alhamisi, milele. Sawa. Pili: alimwomba Ensio akubali jina lake lipelekwe, na Ensio amekataa. Kwa sentensi nzima! Amesema anataka kubaki na hesabu zake na kwenda kuvua samaki. Basi nimebaki mimi! Nikainyoosha tai.

Kyllikki akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Nimewaomba halmashauri waniongezee miaka miwili," akasema. "Nilikuwa nimeshachagua rangi ya boti, Torsti. Mume wangu hasemi nami tangu jana."

Akanitazama machoni aliposema hivyo. Kisha akaniomba nitoke na nifunge mlango taratibu.

Jumatatu, 25 Agosti
Wikiendi nzima nimeyatafakari yale macho. Sasa nimeelewa, na nimeguswa sana. Mama wa watu ameacha boti, ameacha pensheni, amegombana na mumewe, kwa sababu hawezi kuondoka shuleni wakati mimi ndiyo kwanza nimeanza! Anataka kuyaona mageuzi yangu kwa macho yake. Sijawahi kuaminiwa hivi na mtu yeyote. Nilipotaka kumshukuru asubuhi alikuwa anatembea haraka sana kuelekea upande mwingine. Kazi nyingi, maskini.

Sitamwangusha. Miaka miwili inatosha kabisa. Leo nimehesabu: walimu wetu hunywa kahawa mara nne kwa siku. Mara nne! Kesho naipunguza iwe moja.