Bahasha za Njiwa Wawili

Jumatatu, 15 Desemba
Habari kubwa! Kasam wa duka la leso ametangaza kwamba nafasi iliyo chini ya ngazi zake atampa mtu wa chai, kuanzia mwaka mpya. Mtu mmoja tu. Ama mimi na mahamri yangu, ama Priscah na viazi karai vyake. Jibu Jumamosi.

Pale chini ya ngazi pana kivuli. Bomba la maji liko hatua mbili. Kalama wangu angelala mkekani kama mwana wa sultani. Sasa namzungusha mgongoni Biashara Street nzima juani, na chupa ya chai mkononi. Miezi tisa tu, na tayari ana mkunjo wa uso kama mchukuzi wa soko la Marikiti. Roho inaniuma.

Lakini nina mpango! Leo nimeona kadi ukutani kwa Kasam, ya watu wa bima. "Tunakushukuru, mteja wetu." Ameibandika karibu na picha ya marehemu babake! Nikaelewa. Atakayeingia ukuta ule ameingia chini ya ngazi.

Priscah hawezi kuandika kadi. Mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga masizi. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwalimu aliusifu mkono wangu.

Jumanne, 16 Desemba
Bahati juu ya bahati. Duka la vitabu lina kadi za rangi ya maziwa, na bahasha zake zina njiwa wawili wa dhahabu wanaobusiana. Bei ya kutupa! Muuzaji anasema zilibaki kwa sababu kuna harusi ilivunjika. Pole yao. Nimezibeba zote.

Nimeandika Kalama akiwa mapajani. Kwa Kasam: "Asante kwa kula mahamri yangu mwaka mzima. Bila tumbo lako mimi nisingefika hapa. Sikukuu njema." Krismasi si yake, najua, ila shukrani hata yeye anaila. Kwa Bi Hussaina, muuza mashuka wa ng'ambo ya pili: "Asante kwa kurudisha vikombe vikiwa vizima."

Kalama alitia kiganja kwenye mafuta, kisha juu ya kadi ya Kasam. Nilitaka kulia. Halafu nikautazama ule mkono mdogo, vidole vyote vitano. Nimeuacha. Mtu atauonea huruma.

Mume wangu Chonga aliuliza kwa nini nisiwaambie asante kwa mdomo. Wanaume!

Jumatano, 17 Desemba
Nimezigawa zote. Wameguswa sana.

Kasam aliipokea kwa vidole viwili, kama anashika mjusi kwa mkia. Akasema inshallah, inshallah, tutaangalia. Akaitia kwenye droo bila kuifungua. Nadhani alihofia kulia mbele ya wateja.

Bi Hussaina alishusha pumzi, akasema, "Desemba hii, mama, Desemba hii!" Akauliza ni lini. Nikamwambia ni sasa, sikukuu si ndiyo hii? Akashika kifua. Akasema mbona mnatushtukiza hivi.

Sikujua kama kadi ina nguvu kiasi hicho.

Alhamisi, 18 Desemba
Ajabu. Mtaa mzima umepungukiwa na watu.

Mwenye duka la vitambaa ati anaumwa meno. Wa vifungo ana mazishi. Kingi, askari wa mlangoni kwa Kasam, alisema tajiri amekwenda Dubai. Ghafla hivyo? Ghafla, akasema, huku akiangalia juu. Basi nikasikia Dubai ikipiga chafya chini ya kaunta.

Nimerudi nyumbani Majengo na ndoo ya mahamri nusu. Priscah ameuza hadi makombo. Akanipita akisema, "Hongera shoga, ila mbona mimi hukuniletea kadi?" Wivu huo! Nikamwambia kadi ni za watu maalumu.

Nimewaza. Huenda wamesahau kuzifungua. Kesho nitawakumbusha.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimewakumbusha. Mlango kwa mlango, kabla hawajaenda msikitini. "Mmeiona kadi yangu?" Wa vifungo alivuta mlango wa chuma mimi nikiwa bado nasalimia.

Kisha Kingi akaniletea kifurushi kutoka kwa Bi Hussaina. Leso mpya, gora zima! Akasema ni za bi harusi.

Bi harusi gani?

Kingi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Mtu akikupa bahasha ya njiwa mwezi wa Desemba, hakushukuru. Anakuomba mchango. Mtaa mzima unaamini namwoza mdogo wangu. Ati Kasam peke yake keshachangia harusi nne mwezi huu, na moja ya mtu asiyemjua.

Sina hata mdogo wa kike!

Nimemweleza Chonga. Akauliza taratibu kama anayeolewa ni mimi, ili apange siku ya kuomba ruhusa kazini. Sikumpa chai.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nafasi yetu imekwenda. Kalama amelala bila kujua.

Jumamosi, 20 Desemba
Nilimkuta Kasam, amesharudi kutoka Dubai. Nikamwambia, shikamoo, naomba ufungue bahasha. Akaapa wallahi mwezi huu hana kitu. Nikasema sitaki kitu! Akasema wote husema hivyo. Priscah alikuwa mlangoni na viazi vyake, anatabasamu.

Bi Hussaina, kwa zile kelele, akaifungua yake. Akasoma kwa sauti, mtaa wote ukasikia: "Asante kwa kurudisha vikombe vikiwa vizima." Kisha kicheko! Wa vifungo alikalia gunia kwa kucheka.

Kasam akatoa yake kwenye droo. Akasoma. Akasoma tena. Akasema tumbo lake hilo daktari analigombeza, mke analigombeza, na hakuna aliyewahi kulishukuru. Akaugusa mkono wa Kalama wa kwenye kadi, kisha wa mgongoni kwangu. Akaomba gundi.

Chini ya ngazi ni kwangu! Asubuhi. Adhuhuri ni kwa Priscah, Kasam anapenda viazi pia. Sawa. Kalama ameshapajua, alilala papo hapo. Nilimtazama mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 22 Desemba
Bi Hussaina amekataa kurudishiwa leso. Ati nizivae mimi. Mtu mwema huyu siwezi kumwacha hivihivi, na wengine walionicheka nataka kuwaalika siku ya kwanza chini ya ngazi. Chonga anasema niwaambie kwa mdomo. Bado hajifunzi.

Nimerudi duka la vitabu. Nimeshakuwa mjanja: njiwa sitaki, maua sitaki, wasije wakadhani harusi tena. Muuzaji anazo nyingine, zilizobaki za matanga. Nyeupe, ukingo mweusi, msalaba mdogo pembeni. Heshima tupu! Nimeandika juu: "Tafadhali fika bila kukosa." Nazigawa kesho asubuhi.