Transfoma ya Kengele na Mayai ya Mama Mkwe

Jumanne, 9 Septemba

Mke wangu amesafiri asubuhi. Yeye na dada zake wanakwenda kugawana vitu vya marehemu mama yao. Vitanda, vyombo, nguo. Kuku hawamo kwenye mgawo. Kuku waliliwa na wageni wa msiba, wote, hadi jogoo. Mke wangu aliwahi mayai ishirini na manne tu, akayapakata safari nzima kama mtoto mchanga.

Mayai hayo yako sebuleni, ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Leo ni siku ya kumi na tano. Yataanguliwa Jumatatu. Ni mbegu ya kuku wa mama mkwe, weusi wenye shingo tupu, na sasa hawapo popote isipokuwa ndani ya mayai haya. Mke wangu amesema hataki kitu kingine kutoka nyumba ile. Dada zake wagombanie masufuria.

Na amenikabidhi mimi. Mimi! Nimeguswa sana. Maagizo matatu. Nigeuze mayai asubuhi, mchana na jioni, mwisho Alhamisi. Umeme ukikatika, nifunike mashine kwa blanketi na nisifungue mlango wake hata kidogo. Nikikwama, nimwite kaka yake.

Agizo la tatu limenichoma. Kaka yake ni fundi umeme, anakaa mtaa wa pili. Watu wanamwita Injinia. Miaka miwili ya chuo cha ufundi, Injinia! Mimi nina miaka kumi na tisa katika masjala, nimeshika mafaili ya watu wazito, na hakuna aliyewahi kuniita hata Katibu. Sitakwama.

Jumatano, 10 Septemba

Mayai nimeyageuza mara tatu. Mashine nimeipangusa pia, jambo ambalo halikuwa kwenye maagizo. Mgongoni ina vitundu viwili, kimoja chekundu, kingine cheusi. Havina kazi niliyoiona. Urembo wa kiwandani. Chungu wanaweza kupita hapo wakala vifaranga. Nimeviziba kwa pamba na gundi. Nani mwingine angekumbuka chungu?

Jioni tangazo limebandikwa kwenye nguzo. Ijumaa hakuna umeme, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, matengenezo. Majirani wamenuna. Mimi nimerudi nyumbani napiga mluzi. Kutupa blanketi juu ya sanduku, hiyo si kazi ya mwanamume mwenye akili. Ijumaa, mtaa mzima ukiwa gizani, mashine yangu itawaka. Mke wangu akirudi nitamsimulia polepole. Mbele ya kaka yake.

Mpango ni huu. Jirani yetu Mzee Klachi, dereva mstaafu, ana betri ya gari. Gari lenyewe liko juu ya matofali, lakini betri ni nzima. Volti kumi na mbili. Mashine inataka mia mbili arobaini. Kwa hiyo panahitajika kitu cha kuzidisha mara ishirini, na kitu hicho kipo juu ya mlango wetu! Transfoma ya kengele. Shemeji aliifunga mwaka jana, zawadi, bila kuombwa. Kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Alinieleza kwa nusu saa kwamba inashusha mia mbili arobaini za ukutani zikawa kumi na mbili, ili mgeni mwenye mikono iliyolowa asife akibonyeza kengele. Sawa. Inashusha. Lakini ngazi ya kushukia ndiyo hiyo hiyo ya kupandia. Nikiigeuza nyuma mbele, itapandisha.

Nimekaa dakika nzima nikijistaajabia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia shemeji, kwa ujanja mkubwa. Nikamuuliza habari za kazi, habari za mgongo wake, kisha kama mtu anayepitisha muda nikamuuliza kama transfoma inaweza kugeuzwa. Akasema ndiyo. Ukiingiza kumi na mbili upande ule, unapata mia mbili arobaini upande huu. Lakini, akasema. Hapo hapo nikamshukuru na kukata simu. Lakini za shemeji nazijua. Ya mwisho ilichukua saa nzima na kumaliza chai yangu yote. Akapiga tena mara mbili. Sikupokea.

Nimezima swichi kuu, nimeifungua transfoma. Plasta imeanguka kidogo, tuseme sahani mbili. Betri nimeibeba begani kutoka kwa Mzee Klachi. Ameuliza ya nini. Nimesema utafiti. Akasema anaitumia kwa redio yake, niirudishe ikiwa bado inaimba. Maji ya betri yametoboa shati langu la kazini matundu matatu. Ofisini nimeaga kwamba kesho tumbo litaniuma.

Mayai yamegeuzwa kwa mara ya mwisho. Moja limetikisika mkononi mwangu. Kuna mtu ndani! Nimelirudisha taratibu sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika jioni.

Umeme ulikatika saa mbili na dakika kumi. Kipimajoto cha mashine kilisoma thelathini na saba na nusu. Nikafunga waya mmoja wa betri kwenye transfoma. Nilipougusisha wa pili, nikapigwa! Kidoleni mpaka kiwikoni. Nilipiga kelele za furaha. Mia mbili arobaini, nimezithibitisha kwa mwili wangu mwenyewe!

Nikaunganisha mashine. Taa yake haikuwaka. Nikatoa waya, nikaugusisha tena, nikapigwa tena. Basi umeme upo, nikasema, ila una aibu. Nikausubiri. Nikafungua mlango wa mashine kuhisi kama joto linakuja. Nikafunga. Nikafungua. Nikagusisha waya, nikapigwa mara ya tatu. Kila nikipigwa nikazidi kuamini.

Baadaye transfoma ikawa ya moto. Joto! Nilikuwa nawaza niiweke ndani pamoja na mayai, ndipo ilipoanza kutoa moshi. Nikanyakua kitu cha karibu nikaipiga nacho. Kitu hicho kilikuwa blanketi. Sasa lina tundu la kupitisha kichwa na linanuka lami. Nikafunika mashine kwa koti langu la kazini, koti jepesi, na nikaendelea kuchungulia. Saa tano, thelathini na moja. Saa saba, ishirini na saba. Nimehesabu baadaye: mlango niliufungua mara kumi na moja.

Saa saba na nusu mke wangu akapiga simu. Akauliza watoto wanaendeleaje. Nikasema wote wazima. Akacheka. Hajacheka tangu mazishi. Akasema amechukua kitu kimoja tu, karai ambalo mama yake alikuwa akiwawekea kuku maji, na dada zake wamemwona mwehu. Kesho atafika. Nikasema vizuri sana. Nimemdanganya mwanamke anayesafiri na karai la kuku. Naandika kama ilivyo, maana hapa sina wa kumdanganya.

Saa tisa nikakwama. Nikampigia shemeji.

Alikuja akikimbia, na ovaroli ya kazini. Hakunisalimia. Alifungua, akaweka kiganja juu ya yai moja, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaigeuza mashine, akaona pamba. Akauliza ni nani. Nikasema chungu. Akaichokoa pamba kwa bisibisi, akachukua waya mbili, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, moja kwa moja kutoka kwenye betri ya Mzee Klachi. Taa ikawaka. Haikuchukua dakika mbili.

Mashine inakula volti kumi na mbili yenyewe! Mke wangu aliichagua kwa sababu hiyo. Alikwenda kuinunua pamoja na kaka yake. Betri ilikuwa miguuni pangu toka asubuhi.

Alinieleza bila kupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi. Umeme wa nguzoni, alisema, ni mkondo geu. Unakwenda mbele na nyuma kama msumeno, mara hamsini kwa sekunde. Wa betri ni mkondo mnyoofu, kama mtu aliyeegemea mlango: anasukuma upande mmoja tu, hatikisiki. Ndani ya transfoma kuna waya mbili zilizoviringishwa, na hazigusani. Mmoja unasikia mwingine pale tu umeme unapobadilika. Nilipogusisha waya ulibadilika, mara moja, nikapigwa. Baada ya hapo hakuna cha kusikia. Waya unachemka tu mpaka unaungua. Hata ningekuwa na umeme wa msumeno, kidude kile kina nguvu ya kuliza kengele, si ya kutotolesha mayai. Akasema hayo yote ndiyo aliyotaka kuniambia jana kwenye simu.

Kisha akakaa sakafuni. Akasema hayo ni mayai ya mama.

Nilimpa chai. Hakuinywa.

Jumamosi, 13 Septemba

Mke wangu amefika mchana. Alibonyeza kengele. Kimya. Nadhani alijua kabla sijafungua mlango, maana aliweka karai chini na kupita moja kwa moja hadi kwenye mashine, viatu miguuni.

Alizima taa, akafunga mapazia, akamulika mayai moja moja kwa tochi ya simu. Nilisimama nyuma yake nikihesabu pumzi zake. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu kwamba angemwachia mayai mlevi wa kwanza aliyekutana naye njiani, mlevi angelala siku nzima, na mayai yangekuwa salama. Ni kweli. Nimeitafakari kauli hiyo hadi usiku nikitafuta upenyo, haina upenyo.

Jumapili, 14 Septemba

Majuto ni mjukuu. Huyu wangu amekuja na mizigo yake, hana dalili ya kuondoka.

Mke wangu anaongea na mimi kwa mambo ya lazima tu. Chumvi. Ufunguo. Shemeji amekuja kumwona, amenipita kama kabati. Nimekwenda nyuma ya nyumba na betri, nikajaribu kugeuza waya kwa mikono, nyekundu kwenda nyeusi, nyeusi kwenda nyekundu, nione nitafika mara ngapi kwa sekunde. Nimefika mara nne. Zinatakiwa hamsini. Nilikuwa napumzika kabla ya kujaribu tena, Mzee Klachi akanikuta, akanitazama, akachukua betri yake. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Redio yake bado inaimba. Naisikia hapa nilipo.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo ndiyo siku. Mke wangu amekaa kwenye kiti mbele ya mashine tangu alfajiri. Mimi nimekwenda kazini, nimegonga mihuri juu chini. Nimerudi saa kumi. Yuko pale pale. Hakuna hata ufa.

Nilimwambia pole. Nilimwambia kwamba mimi ni mpumbavu na kwamba nilitaka anisifu mbele ya kaka yake, basi, sikuwa na sababu nyingine. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akasema anajua. Alijua siku zote. Ndiyo maana agizo la tatu aliliweka la mwisho, nisione kama ananidharau.

Sijawahi kujisikia mdogo hivi.

Jumanne, 16 Septemba

Kuna aliyegonga! Saa nne asubuhi, yai la kona ya kushoto. Saa tisa akatoka. Mweusi, amelowa, shingo tupu. Mke wangu alipiga magoti akalia kwa sauti. Shemeji alikuja na mfuko wake wa vifaa, akasimama mlangoni, naye akalia. Mimi nililia jikoni.

Ishirini na matatu ni viza. Tumeyafukia nyuma ya nyumba. Nilichimba mimi, hakuna aliyenisaidia, na sikutaka msaada.

Jumatano, 17 Septemba

Shemeji ametengeneza kiota. Boksi la karatasi, na ndani yake balbu ya taa ya nyuma ya gari, ya volti kumi na mbili. Ukutani amefunga transfoma mpya. Amesema hataki mia mbili arobaini ndani ya boksi lenye maji na nyasi kavu. Amesema pia nisiguse. Mke wangu amesema nisiguse. Wamesema kwa pamoja, nikaitikia.

Ila kifaranga analia. Toka asubuhi, pi, pi, pi, bila kupumzika. Hana ndugu wa kulaliana nao, na kosa hilo ni langu. Nimeinama nikaitazama ile balbu. Hafifu! Siwezi kusomea gazeti. Na sababu naijua, kwa kuwa umeme sasa nimefundishwa. Ukutani zinafika volti mia mbili arobaini, transfoma inameza mia mbili ishirini na nane, inamtupia yatima kumi na mbili. Yatima! Mbegu ya mwisho ya mama mkwe, anapimiwa joto kwa kijiko.

Nimefikiri kwa makini, bila pupa. Kosa la Ijumaa lilikuwa betri. Hapa hakuna betri. Ni umeme wa msumeno kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kosa lile haliwezi kurudi. Nikiitoa transfoma katikati na kuifunga balbu moja kwa moja ukutani, kifaranga anapata joto mara ishirini. Hesabu rahisi. Sijui kwa nini Injinia hakuiona.

Shemeji yuko kazini. Mke wangu ametoka sasa hivi kwenda kununua chakula cha vifaranga, amechukua mwavuli, atachelewa kidogo. Bisibisi ninayo mkononi. Nataka akirudi akute mtoto amenyamaza.