Uwanja wa Dada Radi Umekamilika kwa Asilimia Mia na Ishirini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uwanja, ambaye kwa bahati njema pia ni mimi. Mama watoto uliyekaa mbele. Waheshimiwa wenye viti, na ninyi wapendwa mnaoegemea ukuta: mbele yenu amesimama binadamu mwenye mbio kuliko wote duniani! (Minong'ono.) Msibishe. Siku Dada Radi, binti yetu huyu, alipovunja rekodi ya mita mia kwenye Olimpiki, nani alikuwa ameshafika kwenye utepe anamsubiri? Mimi! Tena nimekaa, soda mkononi. (Kicheko, makofi.)

Kwa mujibu wa utafiti shirikishi, niliojishirikisha mwenyewe, medali zake ni jasho langu kwa asilimia tisini, maana alipokuwa anafanya mazoezi juani, mimi nilikuwa nalowa ofisini nikimwaza. (Sauti: "Feni ilikuwa mbovu, mzee!") Mtoeni huyo! La, mwacheni, ni shemeji.

Sasa tuje kwenye urithi. Dada Radi angeweza kustaafu akala raha zake, lakini ananoa mabinti, na mchujo wa taifa ni wiki ijayo. Aliniomba jambo moja tu: "Kaka, uwanja wetu una mashimo, tuzibieni." Mashimo? Bingwa wa dunia azibiwe mashimo kama sufuria? Nikasema tufikiri kimkakati, kidijitali na kiutandawazi: aliyevunja rekodi haenziwi kwa kuziba, huenziwa kwa kuvunja! Tukaleta tingatinga, tukavunja njia zote, jukwaa, hadi choo. (Makofi yanapungua.)

(Dada Radi anasimama: "Kaka, sasa wanangu wakimbilie wapi?")

Swali zuri mno, dada'angu, kaa. Watakimbilia uwanja mpya, wenye zulia la raba na taa za kumulika mpaka nchi jirani.

("Uko wapi huo?")

Uko... katika hatua za juu. Jamani, kaulimbiu! Mbio! ("Zetu!") Rekodi! ("Vunja!") Uwanja! ("Upi?") Uwanja! (Mtu anakohoa.)

Basi nawashukuru kwa kuja kuzindua uwanja ambao, niseme tu maana dada ananikazia macho, haupo, haujawahi kuwepo, na hata mchoro wake sijauona. Hilo lisiwatie presha, tumeshazindua mengi yasiyokuwepo na maisha yakaendelea. Safari hii tumeteleza mahali pamoja tu, ndugu zangu: ule wa mashimo ulikuwepo.